Kabla ya Ezinma Kulikuwa na Tisa

Nilirudi kwa Ekwefi kwa sababu ya karatasi ya maabara. Mimi na mtu wangu tulikuwa tumeamua kupimwa damu kabla wazee hawajaanza mazungumzo ya mahari, na karatasi yangu ikatoka na herufi mbili: AS. Daktari alieleza polepole. Si mgonjwa, nimebeba tu. Nina nakala moja ya jeni ya selimundu, na ikiwa mtu wangu anayo pia, kila mimba yetu itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Matokeo yake yeye yangetoka baada ya siku tatu.

Siku tatu ni nyingi, wee. Ya kwanza nilisoma kila kitu kuhusu selimundu hadi macho yakauma. Ya pili nikachomoa kwenye rafu nakala yangu ya Things Fall Apart, ile ya shule ya upili yenye jina langu ndani ya jalada na moyo uliochorwa kwa kalamu nyekundu, nikafungua sura ya tisa. Nilijua ninachotafuta. Nilitaka kitabu kinithibitishie jambo ambalo wasomaji wengi wa leo tumelikubali bila kulipima: kwamba ogbanje, yule mtoto anayekufa na kurudi tumboni mwa mama yuleyule ili afe tena, ni selimundu kwa jina la zamani. Nilitaka Ekwefi awe mwenzangu. Kitabu kilikataa. Nataka kueleza kilivyokataa, maana nadhani tumekuwa tukiisoma sura hii vibaya mara mbili.

Kwa waliosahau: Okonkwo ametoka kumuua Ikemefuna, mvulana aliyekuwa akimwita baba. Siku mbili hali chakula. Usiku wa tatu ndipo anapata usingizi, na kabla hajaushiba Ekwefi anakuja kugonga mlango. Ezinma anakufa. Ni iba, homa. Mtu yuleyule aliyemkata mtoto wa watu kwa panga sasa anachukua panga kwenda kutafuta majani na maganda ya miti ya kumwokoa wake. Na hapo katikati ya homa, Achebe anasimamisha hadithi na kuturudisha nyuma. Ezinma ni mtoto wa kumi wa Ekwefi. Tisa walimtangulia, na wengi wao hawakufikisha miaka mitatu.

Shuleni swali lilikuwa lilelile kila muhula: taja na ueleze imani za kishirikina katika jamii ya Umuofia. Kutupwa kwa mapacha, alama moja. Msitu Mbaya, alama moja. Ogbanje, alama mbili ukikumbuka wembe. Na nani angesahau wembe? Mtoto wa tatu anapokufa, Okonkwo anamwita mganga mashuhuri, Okagbue Uyanwa, bingwa wa mambo ya ogbanje. Mganga anauliza siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, anaamuru pasiwe na matanga, anatoa wembe kwenye mfuko wake wa ngozi ya mbuzi na kuikatakata maiti ya mtoto. Kisha anaishika kifundo cha mguu na kuiburuta hadi msituni kuizika. Mtoto akitendewa hivyo atafikiri mara mbili kabla ya kurudi. Akirudi, atakuja na alama ya wembe.

Tulisoma eneo hilo tukiwa na miaka kumi na sita, tukaguna, tukaandika "mila potovu", tukapewa alama zetu mbili. Huko ndiko kusoma vibaya kwa kwanza. Swali la imani linakufanya umtazame mganga. Anashika wembe, ana ndevu, ana macho mekundu, lazima umtazame. Lakini ukimtazama yeye huoni kwamba pale kuna watu wawili waliofiwa na mtoto wa miezi kumi na mitano, na wameambiwa wasilie.

Kusoma vibaya kwa pili ndiko nilikokuja nako mimi, na karatasi yangu mkononi. Hii ni njia ya wasomi, kwa hivyo ina heshima zaidi. Inasema: wazee hawakuwa wajinga, waliona kitu cha kweli. Waliona kwamba katika nyumba fulani watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine, wakakipa jina walilokuwa nalo. Sayansi imekuja kukipa jina lingine. Na sayansi yenyewe ina mguu mmoja huku kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukielekea Mlima Kenya. Akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Waliobeba jeni ya selimundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Na mbu wa malaria wanapenda wapi? Palepale. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: nakala moja ya jeni humpa mtoto kinga fulani dhidi ya malaria, nakala mbili humpa ugonjwa. Watu wangu wanatoka upande wa ziwa. Ile S kwenye karatasi yangu iko hapo kwa sababu bibi fulani wa bibi zangu aliumwa na mbu akapona.

Hadithi tamu hiyo, na ni kweli. Lakini haimtoshi Ekwefi. Fanya hesabu tu. Kama yeye na Okonkwo wote walikuwa wabebaji, nafasi ni moja kati ya nne kwa kila mtoto. Katika watoto kumi ungetarajia wawili au watatu wagonjwa. Achebe amezika tisa. Selimundu peke yake haiwezi kuzika tisa kwa kumi isipokuwa kwa bahati mbaya isiyo ya kawaida. Lazima kulikuwa na homa, na kuhara, na ukambi, na kifaduro, na pepopunda ya kitovu, yale magonjwa yaliyokuwa yakichota watoto kila mahali duniani kabla ya chanjo na maji safi. Hata Ezinma mwenyewe, usiku ule, anaugua homa. Hoja ya Allison ilikuwa na miaka minne riwaya ilipotoka mwaka 1958, lakini hakuna maabara katika sura ya tisa. Achebe hakutuambia watoto tisa waliuawa na nini. Na nilipofika hapo, nikiwa nimekasirika kidogo kwamba ameninyima, ndipo nikaona alichokiweka mahali pa jibu. Aliweka majina.

Nilichukua penseli nikaandika pembeni mwa ukurasa, moja hadi tisa. Wa kwanza, hakuna jina. Wa pili, hakuna jina; baada ya kifo chake Okonkwo anamwendea mwaguzi, naye anamwambia ni ogbanje. Wa tatu ni Onwumbiko, maana yake Kifo, nakusihi. Wa nne, msichana, ni Ozoemena, Lisitokee tena. Anakufa na miezi kumi na mmoja. Wa tano na wa sita, hakuna jina. Wa saba ni Onwuma, Kifo na kifanye kipendavyo. Na kifo kikafanya. Wa nane na wa tisa, hakuna jina.

Soma hayo majina matatu kwa mfuatano. La kwanza ni ombi, na linaelekezwa kwa kifo moja kwa moja, kama unavyomwomba mtu aliyesimama mlangoni. La pili bado ni ombi, ila sasa halimtaji yeyote. Mwombaji hajui tena anaongea na nani. La tatu si ombi. Ni mtu amegeuza mgongo. Kati ya Onwumbiko na Onwuma kuna miaka mingi na makaburi kadhaa, na mwandishi mwingine angehitaji kurasa hamsini za mawazo ya ndani kutufikisha pale. Achebe anatumia maneno matatu, tena si yake. Ni ya Ekwefi.

Maana yuko wapi pengine anaposema? Mganga amekataza matanga. Mke mwenza amezaa mwana wa tatu, mbuzi amechinjwa, watu wanafurahi, na Ekwefi anazunguka uwanjani na uso mzito. Mwenzake anadhani ni chuki. Msimulizi anatuambia kwamba uchungu ule hauendi kwa wengine, unaingia ndani. Hana wa kumweleza. Mahali pekee ambapo desturi inamruhusu kusema jambo mbele ya watu wote, na likabaki limesemwa, ni kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina. Basi anasema hapo. Kila mtu atakayemwita mtoto aje kula atakuwa anarudia maneno ya mama yake kwa kifo, atake asitake. Hapo ndipo "mila" iliyofanya kazi kwelikweli katika sura hii, na sisi hatukuipa hata nusu alama.

Sasa nimlaumu Achebe kidogo, na namlaumu kwa heshima. Katika eneo la wembe Ekwefi hayupo. Namaanisha hayupo kwenye sentensi. Tunauona wembe, tunaona kifundo cha mguu, tunaona mtoto akiburutwa, lakini hatuambiwi mama alikuwa amesimama wapi, kama aliona, kama alifunga macho. Msimulizi wa riwaya hii anapenda sauti ya mzee wa kijiji: haharakishi, hashtuki, haelezi zaidi ya anachoulizwa. Sauti hiyo inamfaa sana Okonkwo akiwa kwenye mieleka. Kwa Ekwefi inafika mahali inakuwa kama amri ya mganga: pasiwe na matanga. Na Okonkwo pia. Wale tisa ni wake. Tunamwona akiwatafuta waganga, akikimbilia msituni alfajiri, lakini kuhusu huzuni yake juu ya yeyote kati ya wale tisa, kimya. Tunaweza kusema huyo ndiye Okonkwo, anaogopa kuonekana dhaifu. Sawa. Lakini msimulizi haogopi, na angeweza kutuambia.

Halafu kuna yale mapengo sita. Nilipoandika ile orodha pembeni, kilichonikaa moyoni si majina matatu. Ni nambari sita zisizo na kitu mbele yake. Mwanzoni nilidhani ni uzembe. Sasa sina uhakika. Achebe anasema kwamba kwa Ekwefi sherehe ya jina ilifika mahali ikawa tambiko tupu. Labda tuko hapo: hata mama, ukimwuliza, angekumbuka matatu, yale aliyoyachagua kwa hasira au kwa matumaini, na mengine yangekuwa yamechanganyika.

Wanaijeria wengine wameliendea jambo hili kwa njia zao. Wole Soyinka na J.P. Clark kila mmoja ana shairi liitwalo "Abiku", jina la Kiyoruba la mtoto wa aina hiyo. Kwa Soyinka mtoto ndiye anayeongea, na anatucheka. Kwa Clark watu wa nyumbani ndio wanaoongea, wanambembeleza aingie akae. Ben Okri alimpa mtoto huyo riwaya nzima, The Famished Road, iliyoshinda tuzo ya Booker mwaka 1991. Hizi ni kazi kubwa, lakini ndani yake anayevutia ni mtoto, kwa sababu ana siri, ana dunia mbili. Mama ni yule anayebaki na dunia moja. Aliyemrudia mama ni Ayọ̀bámi Adébáyọ̀ katika Stay With Me, riwaya ya 2017. Kichwa chenyewe ni tafsiri ya jina la mtoto, Rotimi. Huku kuna hospitali, selimundu inatajwa kwa jina lake, ni Nijeria ya miaka ya themanini. Na kumbe kujua jina la ugonjwa hakumwokoi Yejide na kitu kimoja: baada ya kuzika, anaogopa kumpenda anayefuata. Anajizuia ili asiumie.

Nikirudi kwa Ekwefi baada ya Yejide, naona jambo ambalo sikuliona kamwe. Ekwefi hakujizuia. Baada ya tisa, anamfungia Ezinma mlangoni na kumpa mayai, chakula ambacho watoto wa pale hawakupewa kirahisi, na wawili hao wanakula kwa siri kama wezi. Okonkwo akiwafumania anaapa kumpiga. Wanaendelea. Ezinma anamwita mama yake kwa jina, kama rafiki. Kuhani wa kike anapombeba mtoto usiku kwenda pangoni, Ekwefi anamfuata gizani ingawa amekatazwa. Na jina lenyewe: Ezinma ni jina la uzuri. Halikitaji kifo. Mara hii hajaongea nacho kabisa.

Hapo lazima nimlete dani yangu, bibi mzaa baba. Aliitwa Awiti. Kwa Kijaluo, wito ni kutupa, na Owiti au Awiti ni mtoto aliyetupwa. Alinisimulia akichambua omena kwenye uteo, bila kuinua macho. Kabla yake walikufa watatu. Yeye alipozaliwa alipelekwa akawekwa njiani, jirani ambaye alikuwa ameshaambiwa akapita, akamwokota, akamrudisha kama mtoto aliyepatikana tu. Ujanja ulikuwa kumfanya kifo aone huyu si mali ya mtu, hakuna anayemtaka, ampite. Nikamwuliza: Dani, hao watatu waliitwaje? Akasema, "Walikuwa na majina." Akaendelea na omena.

Angalia rejista ya darasa lolote Nairobi. Awiti na Owiti. Kwa Wakikuyu, Njoki, aliyerudi, na Kariuki, aliyezaliwa upya. Kwa Wakamba, Mbiti, fisi, jina la kumfanya mtoto asitamanike. Njoki wa leo huenda amerithi tu jina la shosho yake na hajui kitu. Anafikiri ni jina. Lakini mahali fulani nyuma yake kuna mama aliyeongea kama Ekwefi, mbele ya watu, kwa neno moja. Tunabeba hizo sentensi kwenye vitambulisho. Na si za kale hivyo. Mwaka 2003 utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba Kenya, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulipata 41. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019. Kati ya Dani njiani na sisi kuna maisha ya mtu mmoja tu.

Kwa hivyo, nikimwalika mtu asome sura ya tisa upya, sitamwambia atafute ugonjwa. Atafute nani anaruhusiwa kusema nini, na wapi. Ugonjwa unaweza kuwa wowote. Kilichoandikwa pale ni jinsi mtu anavyoendelea kutaja watoto wake wakati kila mtu, mganga, mke mwenza, mume, hata msimulizi, anataka hadithi isonge.

Siku ya tatu matokeo ya mtu wangu yalitoka. AA. Tulicheka kwa sauti pale kwenye benchi hadi mlinzi akatuangalia. Watoto wetu, tukiwapata, wengine watabeba herufi yangu na basi. Jioni nikampigia shangazi simu, yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamwuliza kama anajua majina ya wale watatu waliomtangulia Dani. Akanyamaza, nikasikia redio nyuma yake. Akasema mmoja anadhani alikuwa Ajwang', ila anaweza kuwa anachanganya na mtu mwingine.

Nimeliandika kwa penseli, chini ya ile orodha.